Uchimbaji wa Bitcoin na Bei ya Umeme Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa korosho, malipo ya minada yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Nachingwea, maswali kuhusu mashine za kuchimba Bitcoin nayo huongezeka. Wengi wanaouliza ni vijana ambao wazazi wao wamewakabidhi sehemu ya fedha hizo waanzishe shughuli, na wameona kwenye simu picha za mashine zinazodaiwa kuingiza dola hata mwenye nazo akiwa amelala. Majibu yaliyo hapa yametolewa kwa kuanzia na kitu ambacho picha hizo hazionyeshi, yaani bei ya uniti ya umeme (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja). Hesabu za shilingi zimefanywa kwa kuchukulia kwamba dola moja ni shilingi 2,500, ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe kwa viwango vya siku anayosoma.

Kuchimba Bitcoin ni kufanya nini hasa?

Bitcoin ni sarafu isiyotolewa na benki kuu yoyote. Miamala yake huandikwa katika leja moja inayotunzwa na kompyuta nyingi duniani kwa wakati mmoja, na takriban kila dakika kumi fungu jipya la miamala, liitwalo bloku, huongezwa kwenye leja hiyo. Anayepata haki ya kuongeza bloku ni yule ambaye mashine yake imekuwa ya kwanza kupata namba inayotimiza sharti la mtandao. Namba hiyo haipatikani kwa akili wala kwa ujuzi wa hesabu. Hupatikana kwa kubahatisha mara matrilioni katika kila sekunde, na kila jaribio linakula umeme. Mshindi hulipwa bitcoin mpya pamoja na ada za watu waliotuma miamala iliyomo katika bloku yake.

Utaratibu huu ulielezwa mwaka 2008 na mtu au watu waliotumia jina la Satoshi Nakamoto, na bloku ya kwanza ilitengenezwa tarehe 3 Januari 2009. Wakati huo malipo ya bloku moja yalikuwa bitcoin 50. Malipo hayo hupungua kwa nusu kila baada ya bloku 210,000, na tangu Aprili 2024 yamekuwa bitcoin 3.125. Jumla ya bitcoin zote haitazidi milioni 21.

Kwa nini kazi hii inakula umeme mwingi kiasi hicho?

Kwa sababu mtandao umeundwa hivyo makusudi. Kila baada ya bloku 2,016, yaani karibu wiki mbili, ugumu wa sharti hupimwa upya: ikiwa mashine zimeongezeka na bloku zimekuwa zikipatikana upesi mno, ugumu hupandishwa, ikiwa mashine zimepungua, hushushwa. Kwa hiyo dunia nzima ikiongeza mashine mara mbili, bitcoin zinazotoka kwa siku zinabaki zilezile takriban 450, isipokuwa umeme unaotumika kuzipata ndio unaoongezeka. Wala miamala haiendi haraka zaidi, kwani Bitcoin bado inapitisha miamala isiyozidi kama saba kwa sekunde. Umeme wa ziada unakwenda kwenye ushindani wa wachimbaji wenyewe.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikadiria katika ripoti yao ya mwaka 2025 kwamba uchimbaji wa Bitcoin unatumia takriban terawati-saa 138 kwa mwaka (terawati-saa moja ni uniti bilioni moja), kiasi cha nusu ya asilimia moja ya umeme wote wa dunia. Kwa kipimo kilicho karibu na sisi, hata kama mitambo yote tisa ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji, yenye uwezo wa megawati 2,115, ingezunguka kwa nguvu zake zote mwaka mzima bila kusimama, ingetoa terawati-saa 18.5. Yangehitajika mabwawa saba ya namna hiyo, na bado yasingetosha.

Mashine moja nyumbani kwangu itakula uniti ngapi?

Tuchukue Antminer S21, ambayo ni miongoni mwa mashine zenye ufanisi mzuri wa umeme. Inafanya terahashi 200 kwa sekunde, yaani majaribio trilioni 200, na inavuta wati 3,500 mfululizo usiku na mchana. Kwa saa 24 inakula uniti 84, na kwa siku 30 inakula uniti 2,520. Nyumba iliyo katika kundi la D1, lile la watumiaji wadogo, inatakiwa isivuke uniti 75 kwa mwezi. Mashine hii inazimaliza uniti hizo kabla ya siku moja kwisha, katika saa 21 na nusu hivi.

Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hutozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), uniti inafikia karibu shilingi 356. Zidisha kwa 84 utapata shilingi 29,904 kwa siku, na kwa mwezi ni shilingi 897,000 na ushee. Hapo feni ya kupooza chumba haijahesabiwa, wala kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU.

Jambo jingine ambalo mafundi umeme wa kwetu wanalielewa vizuri, lakini wanunuzi wengi hawaambiwi: kwa volti 230 mashine hii inavuta zaidi ya ampea 15, na soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Ukichomeka hapo, plagi itapata moto, plastiki itaanza kuyeyuka, na katika nyumba yenye nyaya za siku nyingi moto unaweza kuanzia ndani ya ukuta watu wakiwa wamelala. Mashine ya namna hii inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye kikatio kikuu, waya mnene unaostahili mzigo huo, na nguzo ya ardhi iliyofungwa sawasawa.

Na itaingiza kiasi gani?

Mapato yanategemea sehemu yako katika nguvu ya mtandao mzima. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao ilivuka eksahashi 800 kwa sekunde; eksahashi moja ni terahashi milioni moja. Kwa kiwango hicho, mashine yako ya terahashi 200 ni sehemu moja kati ya milioni nne. Bitcoin 450 za siku ukizigawa kwa milioni nne unapata bitcoin 0.0001125. Ikiwa bitcoin moja inauzwa dola 100,000, bei iliyofikiwa kwa mara ya kwanza Desemba 2024, hizo ni dola 11.25, sawa na shilingi 28,125. Ada za miamala huongeza kidogo, na kikundi cha uchimbaji utakachojiunga nacho hukata kidogo.

Umeme ni shilingi 29,904. Mapato ni shilingi 28,125. Kwa bei hiyo ya juu, mchimbaji wa nyumbani Mtwara anapata hasara ya takriban shilingi 1,800 kila siku kabla hajarudisha hata senti moja ya bei ya mashine, ambayo ikiwa mpya hugharimu dola elfu kadhaa bila usafiri na ushuru. Bitcoin ikishuka hadi dola 60,000 huku mambo mengine yakibaki yalivyo, mapato yanakuwa shilingi 16,875, na umeme unabaki palepale. Ili umeme pekee ulipike, bei inapaswa kuvuka dola 106,000, na ikivuka, wachimbaji wenye umeme rahisi huko kwingine huongeza mashine, ugumu unapanda, na mstari unasogea tena.

Ningependa kila mzazi anayeombwa fedha za korosho kwa shughuli hii afanyiwe hesabu hii mezani, kwa karatasi na kalamu, kabla hajatoa chochote.

Je, nikichimba peke yangu bila kujiunga na kikundi?

Kwa nafasi ya moja kati ya milioni nne katika kila bloku, na bloku 144 kwa siku, wastani wa kungoja ushindi mmoja ni miaka 76. Ndiyo maana wachimbaji karibu wote hujiunga katika vikundi vya mtandaoni na kugawana mapato kulingana na kazi ya kila mashine.

Kuna mashine za zamani zinazouzwa bei rahisi. Hizo hazifai kwa kuanzia?

Hazifai, na bei yake rahisi ina sababu. Antminer S9, iliyotoka mwaka 2016, ilikuwa mashine nzuri katika wakati wake. Inafanya terahashi 13.5 hivi na inavuta wati 1,350 au zaidi kidogo. Kwa siku inakula uniti zipatazo 32, yaani shilingi 11,500, na kwa mfano uleule wa hapo juu inaingiza shilingi 1,900. Kwa kazi ileile inatumia umeme karibu mara sita ya S21. Mashine hizi huondolewa kwenye maghala ya nchi nyingine kwa sababu zimeshindwa kulipia umeme hata wa bei ya chini kuliko wetu, kisha hutafutiwa wanunuzi mahali ambapo hesabu bado haijafanywa.

Niko D1, uniti kwangu ni shilingi 100. Si nitapata faida?

Kundi la D1 liliwekwa kwa ajili ya kaya zenye matumizi madogo, na uniti inayozidi 75 ndani ya mwezi hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, bei inayozidi ile ya T1. Ukiendelea hivyo utahamishiwa T1. Nafuu yako itadumu chini ya siku moja.

Je, nikitumia sola?

Jua la kusini ni jema, na watu wengi Kilwa na Liwale wanaishi kwa sola. Lakini uniti 84 kwa siku ni mzigo wa aina nyingine kabisa. Ukichukulia kwamba jua linatoa nguvu kamili kwa muda unaolingana na saa tano kwa siku, na ukiondoa upotevu wa kawaida, unahitaji paneli za jumla ya kilowati 20 hivi, yaani karibu paneli 38 za wati 550, pamoja na betri za kubeba zaidi ya uniti 60 za usiku. Unaweza kuacha betri na kuchimba mchana tu, ila mashine itazeeka kwa tarehe zilezile huku ikifanya kazi saa chache, na mashine hizi huzeeka kwa kupitwa na mashine mpya kuliko kwa kuharibika.

Mtu mwenye uwezo wa kufunga kilowati 20 za sola kijijini ana biashara bora mkononi mwake. Uniti 84 zinatosha kuendesha mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 15 kwa zaidi ya saa tano kila siku, au mafriza zaidi ya 40 yanayotumia uniti mbili kila moja. Pale Feri Mtwara, mvuvi anayerudi na samaki akakosa barafu hulazimika kuuza kwa bei anayotaka mnunuzi kabla jua halijapanda. Uniti inayomwezesha asubiri hadi kesho inamlipa mvuvi, muuza barafu na mchuuzi, na fedha yote inabaki hapahapa.

Gesi inatoka kwetu. Kwa nini isichimbe Bitcoin hapahapa badala ya kupelekwa mbali?

Swali hili lina uzito, na linastahili jibu refu. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, miaka miwili baada ya maandamano ya Mtwara ya 2013 ambamo watu walipoteza maisha wakidai kujua gesi hiyo itawanufaishaje. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akiuliza leo kwa nini gesi isitumike nyumbani, haulizi kwa utani.

Hoja ya wanaotetea uchimbaji wa Bitcoin kwa gesi imetoka kwenye visima vya mafuta vya Marekani. Huko gesi hutoka pamoja na mafuta, na pasipo bomba la kuipeleka sokoni huchomwa hewani. Baadhi ya kampuni zimeweka jenereta na mashine za kuchimba pembeni mwa visima hivyo ili gesi iliyokuwa ikiteketea bure izalishe kitu. Hoja hiyo ina mantiki kwa mahali pake. Kwetu hali ni tofauti: gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo haitoki pamoja na mafuta yanayolazimisha ichomwe. Isipovutwa leo, inabaki chini ya ardhi kwa ajili ya kesho. Ikivutwa, ina wanunuzi: mitambo ya umeme ya Mtwara, mitambo ya Kinyerezi na Ubungo, na kiwanda cha saruji cha Dangote kilichopo hapa Mtwara. Hatuna gesi inayoteketea ikisubiri kuokolewa na Bitcoin.

Kuhusu ajira, hesabu ni nyepesi. Megawati moja inaendesha mashine 285 za wati 3,500. Zinakaa kwenye kontena chache, zinaangaliwa na mafundi wachache na walinzi, na bitcoin zinazopatikana zinaingia kwenye pochi ya kidijitali ya mwenye mali popote alipo. Megawati hiyohiyo ikielekezwa kwenye viwanda vya kubangua korosho inagusa mikono mingi zaidi, hasa ya akina mama, na inapunguza korosho ghafi zinazopandishwa melini katika bandari ya Mtwara ili zibanguliwe India na Vietnam. Kwa maoni yangu, maadamu viwanda vya kubangua vinasimama kwa sababu ya gharama, uniti ya gesi ya Mtwara inatakiwa ipite huko kwanza.

Kwa mwekezaji mkubwa hesabu ikoje?

Inabadilika, na ni haki kusema hivyo. Mteja wa msongo wa kati, kundi la T3, hutozwa shilingi 157 kwa uniti pamoja na shilingi 13,200 kwa kila kilovoti-ampea (kVA, kipimo cha ukubwa wa mzigo) ya mahitaji yake ya juu ya mwezi. Kwa mzigo usiozimwa, malipo hayo ya pili ni kama shilingi 18 kwa uniti, na jumla inakuwa shilingi 175 kabla ya kodi. Kwa mfano wetu wa dola 100,000, uniti moja ndani ya S21 inaingiza shilingi 335. Bei ya mashine ikigawanywa kwa miaka mitatu inachukua karibu shilingi 95 za uniti hiyo, ikiwa ilinunuliwa dola 3,500. Inabaki shilingi 65 za kulipia kodi, jengo, ulinzi na kila kitu kingine.

Sasa shusha bei hadi dola 50,000: uniti inaingiza shilingi 167, chini ya gharama ya umeme peke yake. Mwekezaji wa namna hiyo akizima mashine na kuondoka na kontena zake, transfoma na laini zilizojengwa kwa ajili yake zinabaki bila mteja. Halmashauri au kijiji kitakachoombwa ardhi na umeme kwa shughuli hii kidai malipo ya miundombinu yatangulie, na mkataba useme wazi kwamba umeme ukipungua, mashine ndizo zitakazozimwa kwanza, kabla ya hospitali, pampu za maji na nyumba za watu.

Mbona Ethiopia, Kongo na Malawi wanachimba?

Wanachimba palipo na umeme usio na mnunuzi mwingine. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uchimbaji ulianza mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa mtambo wa Luviro, mahali ambapo laini za kuufikisha umeme wote kwa wananchi zilikuwa hazijakamilika. Bondo nchini Malawi na Zengamina nchini Zambia kuna mitambo midogo ya maji inayozalisha kuliko wanavijiji wanavyoweza kutumia, na kampuni ya Gridless ya Kenya imeweka mashine zinazonunua ziada hiyo. Mtambo wa kijiji unaopata mteja wa usiku wa manane unaweza kuendelea kuishi, na mimi naiona hiyo kuwa hoja ya kweli. Ethiopia imewauzia wachimbaji umeme wa mabwawa yake na kulipwa kwa dola.

Upande wa pili nao una mifano. Iran ilipiga marufuku uchimbaji kwa miezi minne mwaka 2021 baada ya miji kukosa umeme. China iliwafukuza wachimbaji mwaka huohuo. Wengi walihamia Kazakhstan, na majira ya baridi yaliyofuata nchi hiyo ikaingia kwenye upungufu wa umeme. Angola ilifanya uchimbaji kuwa kosa la jinai Aprili 2024, ikitaja usalama wa gridi yake.

Kinachoamua ni kama umeme unaotumika ungepata mtumiaji mwingine. Mtwara na Lindi, mikoa ambayo kwa miaka mingi ilitegemea mitambo yake ya gesi ikiwa nje ya Gridi ya Taifa, na ambayo wakazi wake wanakumbuka vizuri vipindi vya mgawo, bado hazijafika mahali pa kusema kwamba umeme wao hauna wa kuutumia.

Je, thamani ya Bitcoin inatokana na umeme uliotumika kuichimba?

Hapana. Imani hii imeenea sana, na wauzaji wa mashine huipenda kwa kuwa inamfanya mnunuzi aone kwamba bili yake inageuka kuwa mali. Novemba 2021 bitcoin moja ilifikia karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 16,000. Katika mwaka huohuo nguvu ya mashine katika mtandao iliongezeka. Kama umeme ndio ungekuwa unatoa thamani, bei isingeweza kuanguka kiasi hicho huku kazi ikizidi. Kinachotokea ni kinyume: bei ikipanda, watu wanakuwa tayari kuchoma umeme zaidi kuifuata.

Umeme hununua kitu kimoja, nacho ni ulinzi wa leja. Anayetaka kufuta muamala uliokwisha andikwa angehitaji kuzidi nguvu ya wachimbaji wengine wote, na gharama hiyo humzuia. Thamani yenyewe inatoka kwa watu wanaoitaka: wapo wanaovutiwa na ukomo wa milioni 21, wapo wanaotuma fedha kuvuka mipaka pasipo benki, na wapo wengi wanaonunua kwa kutarajia kwamba mwingine atanunua kwa bei ya juu zaidi. Hao wa mwisho wakipungua, bei inashuka, na uniti ulizokwisha kulipia hazikusaidii.

Anayeamini kwamba Bitcoin ina thamani hana haja ya kuichimba. Zile shilingi 29,904 za umeme wa siku moja, kwa bei ya dola 100,000, zingenunua bitcoin 0.0001196 sokoni, kiasi kinachozidi kile ambacho mashine ingemchimbia, tena bila mashine, bila joto na bila fundi. Sisemi hivyo ili kumshawishi mtu anunue. Bei inayoweza kupoteza zaidi ya robo tatu ndani ya mwaka mmoja si mahali pa kuweka ada ya shule.

Joto, kelele na hewa ya bahari vina athari gani?

Karibu umeme wote unaoingia kwenye mashine hutoka ukiwa joto, kwa hiyo S21 ni hita ya wati 3,500 isiyozimwa, katika mkoa ambao Januari chumba hakikaliki hata bila hita. Feni zake hufikia desibeli 75 hivi, kelele ambayo jirani wa ukuta mmoja hataistahimili usiku. Chumvi ya hewa ya pwani hula viungio vya mbao za elektroniki, na Masasi vumbi la kiangazi huziba mapezi ya kupoozea. Vipuri vinatoka mbali: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika, na mwezi huohuo intaneti ya nchi ilidhoofika kwa sababu ya kukatika kwa nyaya za chini ya bahari. Mashine isiyo na intaneti haiingizi chochote.

Kuna sarafu nyingine ninayoweza kuchimba kwa kompyuta ya kawaida?

Ethereum ilichimbwa kwa kadi za michezo ya kompyuta hadi tarehe 15 Septemba 2022, ilipoacha uchimbaji na kuanza kuthibitisha miamala kupitia watu walioweka sarafu zao dhamana. Matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Sarafu ndogo zinazobaki hulipa kidogo mno kwa uniti ya shilingi 356.

Programu ya simu inasema inanichimbia, au niwekeze kwenye mashine zilizoko nje ya nchi. Ni kweli?

Simu haiwezi kuchimba Bitcoin kwa kiasi chochote cha maana. Hesabu ya S21 iliyotolewa juu inatosha kuonyesha hivyo. Ama kuhusu mashine za nje, mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu wa BitClub Network, iliyokusanya angalau dola milioni 722 kutoka nchi nyingi kwa madai ya kuchimba. Februari 2025 waanzilishi wawili wa HashFlare, raia wa Estonia, walikiri makosa mahakamani: waliuza mikataba ya uchimbaji yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 577 ilhali hawakuwa na mashine za kutosha kutimiza walichouza.

Mtu akikujia na mpango wa namna hii, muulize mambo mawili: mashine zinalipa kiasi gani kwa uniti, na kwa nini mapato yake hayabadiliki ugumu unapopanda. Uchimbaji wa kweli hauwezi kulipa asilimia ileile kila siku. Ukisikia kwamba kipato kinaongezeka ukileta watu wengine, huo ni upatu, na upatu umekatazwa na sheria.

Sheria za Tanzania zinasemaje?

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo ikiwaonya wananchi kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa ujio wake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia Julai mwaka huo. Kutozwa kodi hakumaanishi kwamba kuna taasisi itakayokurudishia fedha ukitapeliwa. Fedha halali ya nchi ni shilingi, na anayebadilisha bitcoin kwa kukutana na mnunuzi mtandaoni na kupokea kwenye simu anabeba hatari yote mwenyewe.

Fundi ameniambia anaweza kuunganisha kabla ya mita. Je, hapo si kutakuwa na faida?

Huo ni wizi wa umeme na ni kosa la jinai. Mzigo wa kilowati 3.5 usiozimwa unaonekana kwenye transfoma ya mtaa, na gharama yake wanaibeba majirani wanaounguliwa vifaa kwa volti kupungua.

Nimekwisha kununua mashine. Nifanyeje?

Usiiwashe kwa sababu tu imelipiwa. Angalia kwenye kibandiko chake terahashi na wati, tafuta nguvu ya mtandao na bei ya siku hiyo, kisha fanya hesabu iliyoonyeshwa hapa. Ikiwa mapato ya siku hayafikii gharama ya umeme, kila siku ya kuwasha inaongeza hasara juu ya fedha uliyokwisha kutoa. Mashine za kizazi kipya bado zina wanunuzi katika nchi zenye umeme rahisi, na bei yake hushuka kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo anayetaka kuuza auze mapema. Mashine ya zamani isiyo na mnunuzi ifunguliwe na fundi: feni zake, kibadilisha umeme na mabamba ya alumini ya kupoozea vina matumizi mengine, na mafundi wa elektroniki huvinunua. Ukiamua kuiwasha walau kwa kujifunza, ifungiwe laini yake, iwekwe mbali na chumba cha kulala, na uniti za siku ya kwanza ziandikwe asubuhi na jioni kutoka kwenye mita.